Karatasi ya Tunda katika Sanduku la Nne

Onema hakuwa mtu mbaya. Nasema hili mapema, maana nikichelewa hamtaniamini tena. Hakulewa, hakupiga mke, na katika miaka ile ya Zaire ambapo hata mlinzi wa mlango alitaka kitu kidogo ndipo ausukume, yeye hakupokea hata yai la kuku. Kazi yake ilikuwa kusema kwenye phonie, ile redio ya kupelekea ujumbe, katika ofisi moja ya serikali pale Kindu, upande wa Kasuku: nyumba ya matofali yenye baraza pana na mlingoti mrefu juu ya paa. Kwenye karatasi za kazi aliandikwa Onema tu, kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Nyumbani mkewe Apolline alimwita Zéphirin, tena kwa sauti kubwa, kwa kuwa alipenda kumwona akigeuka kutazama dirishani.

Asiyeijua phonie ya siku zile aelewe kwanza jambo moja. Njia ya hewani ilikuwa moja tu. Kibombo, Tunda, Pangi, Obokote na vituo vingine vinane vyote vilisemea humo humo na Kindu, na wawili wakisema pamoja hasikiki hata mmoja, ni mngurumo mtupu. Betri nazo zilikuwa mbili, za lori, zenye nguvu ya kusemea saa nzima kila asubuhi, kisha zinyamaze mpaka jenereta izijaze, ikiwa mazutu, yaani dizeli, yapo. Saa moja ya maneno, vituo kumi na viwili, na eneo zima la Maniema lina la kusema. Kuigawa saa hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Onema.

Kabla yake alikuwapo Paul. Paul alikula vidogo vidogo bila kujificha: tumbaku, samaki wawili, chupa ya mawese. "Mkono mtupu haulambwi," alikuwa akisema, huku akiisogeza karatasi ya mwenye samaki juu ya nyingine. Siku moja vituo vitatu viligombana hewani robo saa nzima, kila kimoja kikidai zamu ni yake, na Paul akawa anacheka na kutafuna. Ofisi ikamhamishia ghalani. Onema akapelekwa Bukavu miezi miwili kujifunza utaratibu.

Mwalimu wa Bukavu alikuwa mtu mwembamba aliyewahi kufanya kazi Kinshasa katika chumba cha ordinateur, mashine kubwa ya hesabu iliyotumikia ofisi nyingi kwa wakati mmoja. Wanafunzi walitaka kujua mashine hiyo inafanana na nini. Yeye alitaka wajue jinsi inavyopanga kazi.

"Mashini iko moja, kazi iko mingi," aliwaambia. "Kila kazi iko na cheo yake. Mashini haina ndugu, haina muke wa pili. Inakamata kazi ya cheo ya juu, inaipatia dakika zake. Zikiisha, inaiweka pembeni, inakamata ingine."

Onema hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo. Mgawaji asiye na ndugu! Aliandika kurasa saba usiku huo huo, na kurasa nyingine kila siku mpaka daftari likaisha.

Aliporudi Kindu alipigilia masanduku manne ya mbao ukutani. La kwanza lilikuwa la Chama na wakubwa wa serikali. La pili, hospitali, reli na mahakama. La tatu, wafanyabiashara, kwa kuwa wao ndio waliochangia mazutu ya jenereta. La nne lilikuwa la watu wengine, yaani karibu watu wote. Hakuna karatasi ya sanduku la chini iliyosomwa kabla la juu yake halijaisha. Kila kituo kilipewa dakika tatu tatu, Onema akizihesabu kwa saa ya mezani, na hakuna aliyefungua mdomo kabla ya kuitwa. Tena, kwa kuwa mtu wa kituoni akiambiwa kuna ujumbe huuliza ni wa nani, umetoka kwa nani, nani amekufa, na betri inazidi kunywewa, Onema aliweka kanuni moja ya kubana matumizi: kituo chenye karatasi za sanduku la nne tu, na zamu ya sanduku hilo haijafika, kiambiwe hakuna.

Ghasia zilikwisha kwa wiki moja. Mkubwa wa ofisi, Citoyen Lukali (citoyen ni raia, na siku zile ndivyo kila mtu alivyoitwa), alimpa mkono mbele ya wenzake, akasema laiti nchi nzima ingekuwa na masanduku manne. Onema alitembea siku ile kama mtu aliyevaa viatu vipya. Sokoni tu ndiko walikosema, "Paul alikula, lakini alisema." Onema alipoyasikia akaona ni maneno ya watu waliozoea uchafu.

Basi Jumanne moja ya mwanzo wa mwezi wa Mei, mwaka wa 1979, mwanamke aitwaye Hadidja alifika dirishani. Alikuwa muuza mikate ya mchele karibu na msikiti, mtu wa kusema polepole, na mikono yake ilikuwa bado na unga. Alitoa karatasi aliyoandikiwa na jirani. Onema akaisoma na kuhesabu maneno, kama ilivyokuwa desturi: *Mama Mwanahamisi, Tunda. Munganga wa macho amefika Kindu. Njoo na treni ya Jumatano. Hadidja.* Maneno kumi na manne.

Habari ya mganga huyo Kindu nzima iliijua. Alikuwa daktari mgeni, amekuja hospitali kwa siku kumi na mbili tu, na alikuwa akiwapasua macho wenye mtoto wa jicho wakaona. Mzee mmoja wa mtaa wa Mikelenge alifunguliwa kitambaa, akamtazama mkewe kwa kitambo, akamwambia, "Kumbe umezeeka hivi!" Mji mzima ulicheka. Daktari angeondoka kwa ndege Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, na kama atarudi tena au hatarudi, hakuna aliyejua. Mama yake Hadidja alikuwa haoni kwa mwaka wa tatu.

"Kutoka Tunda mupaka Kibombo njo siku tatu za kinga," alisema Hadidja, akimaanisha ndiyo siku tatu za baiskeli. "Treni ya Jumatano ijayo njo ya mwisho ya kumufikisha. Aipate, lazima atoke kwao Jumapili. Neno limufikie Jumamosi, papa. Likipita Jumamosi, basi tena."

Onema mwenyewe alizaliwa upande wa Kibombo, na njia hiyo aliijua kwa miguu yake. Akahesabu naye kwa vidole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

"Asubui ine, mama. Na maneno yako kumi na ine tu. Itapita."

Hadidja akafurahi, akafunua sahani yake, akamsogezea mikate miwili kwenye jani la mgomba. Onema akairudisha kwa kidole kimoja. "Hapa hatukule kitu ya muntu," alisema, kwa sauti ambayo wote waliokuwa barazani waliisikia. Mwanamke akaona haya, akaifunika mikate yake. Karatasi ikaingia sanduku la nne, ya kwanza kabisa katika za Tunda.

Lakini ule ulikuwa mwezi wa Mei, na tarehe ishirini ilikuwa sikukuu ya Chama. Kila mahali walikuwa wakipanga vikundi vya kucheza na kuimba sifa. Sanduku la kwanza lilifurika. Pangi wapeleke wachezaji arobaini. Hapana, arobaini na watano. Obokote wamepata vitambaa vya kijani, lakini mita zimepungua. Kibombo wanauliza wapiga ngoma watakula wapi. Pangi wanasahihisha: arobaini na watatu, wawili wana mimba. Jumatano yote ilikwisha kwa vitambaa. Alhamisi ilikwisha kwa vitambaa, na dakika chache za hospitali.

Kila asubuhi Hadidja alisimama barazani na sahani yake kichwani, akisikiliza. Na kila asubuhi Onema, akifika zamu ya Tunda, aliita kwa ile sauti yake iliyonyooka.

"Tunda, Tunda, hapa Kindu."

"Kindu, Tunda iko inakusikia."

"Tunda, hakuna. Bakia salama."

Mara ya kwanza Hadidja alidhani masikio yake yamemdanganya. Alisogea dirishani. "Papa, si yangu iko?"

"Iko, mama. Zamu yake njo haijafika."

"Sasa, mbona unabaambia hakuna?"

"Njo luga ya kazi," alisema Onema, bila kuinua macho.

Alhamisi aliuliza tena, na Onema akamwambia kwamba subira huvuta heri.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," alijibu Hadidja. "Heri yenyewe inaondoka na ndege, papa."

Ijumaa Mungu alifungua mlango. Sijui niseme vipi vingine. Saa mbili kasoro dakika tano, sanduku la kwanza lilikuwa tupu. La pili tupu. La tatu tupu. Sindano ya kipimo cha betri ilikuwa imelala karibu kabisa na alama nyekundu, lakini bado maneno kidogo yalikuwamo. Onema alinyosha mkono kwenye sanduku la nne, akaishika karatasi ya Tunda kwa vidole viwili. Hadidja aliona. Aliteremsha sahani kichwani, akaiweka chini taratibu.

Hapo akaingia Valère, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye duka la chumvi na malori mawili. Alikuwa anahema. Dereva wake alikuwa Pangi, na Valère alitaka aambiwe asipakie mchele, apakie mawese. Si kwamba lori lilikuwa limeharibika. Si kwamba mtu alikuwa mgonjwa. Mawese badala ya mchele, basi. Lakini Valère alikuwa mtu wa sanduku la tatu, na la tatu liko juu ya la nne.

Onema aliirudisha karatasi ya Tunda mahali pake. Hakusita, na ndilo jambo lililokuja kumchoma baadaye kuliko yote, kwamba hakusita hata kidogo. Aliona fahari. Alijiona yuko kama ile mashine ya Kinshasa, isiyo na ndugu. Akaita Pangi, Pangi wakaitika, dereva akatafutwa, hakuonekana, wakangoja, wakapoteza dakika nne, na betri zikafa kabla neno mawese halijafika.

Hadidja aliiokota sahani yake. "Nilikuwa naona mukono yako kwa karatasi yangu," alisema. Akaenda zake.

Mchana Apolline alimwekea mumewe ugali na samaki, akakaa mbele yake asile. Habari za baraza hufika jikoni kabla ya mwenyewe kufika.

"Zéphirin, huyu mama Hadidja njo ule alinipikia wakati nilikuwa mugonjwa. Mama yake haoni. Ungesema tu."

"Kama nasema ya huyu, na wale wengine makumi tatu katika sanduku?"

"Wale wengine iko nani anaondoka na ndege?"

Onema akamega ugali. Alipomaliza kula alitafuta daftari la Bukavu, na nia yake ilikuwa kumwonyesha mkewe kwamba ameufuata utaratibu neno kwa neno. Alifunua ukurasa wa vyeo. Alifunua wa pili yake. Hapo akakuta mwandiko wake mwenyewe: kazi ya cheo cha chini ikikaa muda mrefu, ipandishwe ngazi moja kwa kila siku inayongoja, la sivyo itangoja mpaka mashine izeeke. Mwalimu alilisema hilo mara mbili, sasa alikumbuka, na mara ya pili aligonga meza. Pembeni ya maneno hayo, kwa kalamu ileile, Onema aliandika: *Kwetu haifai.*

Alikumbuka pia kwa nini. Aliwaza Citoyen Lukali akiingia siku moja na kukuta karatasi ya muuza mikate imelala juu ya karatasi ya Chama. Basi aliichukua nusu ya mafundisho, ile inayowapendeza wakubwa, akaiacha nusu nyingine kwenye daftari, na kwa miaka miwili akajiita mtu wa haki. Uso wake ulipata moto pale mezani, ingawa Apolline hakujua kusoma na hakuwa ameona kitu. Alilifunga daftari. Hakumwonyesha.

Karatasi ile ilikuwa imengoja siku tatu. Ngazi tatu: ilipaswa kuwa sanduku la kwanza. Onema aliazimia kuisema Jumamosi kabla ya yote, hata kabla ya vitambaa, na usiku alilala akiyarudia yale maneno kumi na manne moyoni.

Jumamosi alifika mapema, akaitoa karatasi na kuiweka mezani chini ya kiganja chake. Hadidja alikuwapo barazani, safari hii bila sahani. Saa moja ikafika. Na saa moja ileile mlango ukafunguka, Citoyen Lukali akaingia na abacost yake mpya, lile koti la wakubwa lisilovaliwa tai, akavuta kiti, akaketi karibu kabisa na Onema. Alitaka kusikia hesabu ya wachezaji kwa masikio yake, maana alikuwa ameulizwa na waliomzidi.

"Endelea, Citoyen. Fanya kama miye siko hapa."

Onema aliita Kibombo. Aliita Pangi, akapokea hesabu, Lukali akaziandika. Kisha zamu ikafika.

"Tunda, Tunda, hapa Kindu."

"Kindu, Tunda iko inakusikia."

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Njia ilikuwa wazi, betri zilikuwa zimejaa, na karatasi ilikuwa chini ya mkono wake. Lukali aliinua uso kutoka kwenye daftari lake, akamtazama, si kwa ubaya, alikuwa anangoja tu. Onema aliwaza ataulizwa: hii ya mikate njo cheo gani? Sauti yake ikatoka yenyewe, imenyooka kama siku zote.

"Tunda, hakuna. Bakia salama."

Hakugeuka kutazama barazani. Alipomaliza vituo vyote na kugeuka, Hadidja alikuwa ameshaondoka.

Kuanzia siku ile mtu huyu alianza kuishi vibaya. Angeweza kuisema ile karatasi Jumatatu, lakini Jumatatu ilikuwa bure, treni haingewahiwa tena, na kuisema sasa ni kujitangaza mbele ya vituo kumi na viwili. Aliirudisha katika sanduku la nne na kuifunika kwa nyingine. Kila asubuhi aliliona sanduku. Alianza kupita njia ya nyuma ili asipite karibu na msikiti. Apolline alipika mikate ya mchele siku moja, kwa makusudi au bila makusudi, sijui, na Onema alisema anaumwa tumbo. Tarehe kumi na tisa ndege ilipita juu ya paa la ofisi, watu wakatoka kuipungia mkono, na yeye akabaki ndani akijifanya anasafisha vichwa vya betri. Aliona aibu mbele ya betri, jamani, mbele ya vyuma.

Jumapili ilikuwa sikukuu. Walicheza wachezaji wa Pangi, arobaini na watatu kamili. Jioni ile ile treni iliingia kutoka Kibombo.

Jumatatu, saa moja kasoro robo, Onema alisikia fimbo ikigonga ngazi za baraza. Hadidja alikuwa anakuja na bibi kizee mdogo wa umbo, amejitanda kanga mbili, miguu ina vumbi la safari ambalo hata kuoga hakujaliondoa. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe kama ute wa yai lililoiva. Huyo ndiye Mwanahamisi. Mchuuzi wa mawese aliyetoka Kindu ndiye aliyemletea habari za mganga, kama porojo tu za safarini, na siku ya pili yake bibi akapanda nyuma ya baiskeli ya jirani bila kuulizana na mtu. Alifika na ndege imeondoka jana yake.

Chumbani alikuwamo Citoyen Lukali, anatia sahihi karatasi zake za sikukuu. Valère naye alikuwa barazani, amekuja kwa mambo ya lori lake. Bibi aliongozwa mpaka dirishani, akaweka mkono juu ya ubao.

"Weye njo Kindu?" aliuliza.

"Njo miye, mama," alisema Onema.

"Sema tena."

"Njo miye."

Bibi akatikisa kichwa. "Njo yeye. Sauti njo hii."

Hadidja hakuwa akimtazama mtu. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Baba, unisikilize," alisema Mwanahamisi. "Kule Tunda miye nakaa karibu na ofisi ya phonie. Mwaka ule ulipita, huyu mutoto aliniambia: mama, siku munganga wa macho atafika, nitakuita kwa phonie. Basi kila asubui naenda kukaa pale chini ya dirisha. Macho hakuna, lakini masikio iko. Ile juma yote nilikusikia, weye mwenyewe. Jumatano, Tunda, hakuna. Alhamisi, hakuna. Ijumaa, hakuna. Jumamosi nikasema labda leo. Hakuna."

Onema alishika ukingo wa meza.

"Sasa nimefika, munganga ameenda, na huyu ananiambia eti alileta neno tangu Jumanne. Miye nimemwambia: usiniongopee. Ulisahau mama yako kwa ajili ya mikate, sasa unatafuta pa kuegemea. Analia tu, usiku muzima. Nikasema twende kwa mwenye sauti. Muntu wa serikali, anasema na dunia nzima inasikia, hawezi kusema uongo. Uniambie, baba. Kati yenu wawili, mwongo njo nani?"

Kalamu ya Lukali ilikuwa imesimama. Valère aliingiza kichwa mlangoni. Ingekuwa rahisi sana. Karatasi iko chini kabisa, hakuna ajuaye ilipo ila yeye, na Hadidja ni muuza mikate tu. Angesema tu kwamba haikumbuki. Onema aliliona neno hilo likija, akaliona lilivyo jepesi, na akamwona Hadidja, aliyempikia mkewe, akisimuliwa kule Tunda katika midomo ya mama yake kama mtoto asiye na huruma, mpaka kufa kwake. Alisimama. Sauti yake haikuwa ile iliyonyooka.

"Njo miye, mama. Mutoto wako alileta neno. Liko hapa."

Akaenda kwenye sanduku la nne, akafukua, akaitoa karatasi. Ilikuwa imejikunja pembeni.

"Liko hapo tangu siku gani?"

"Tangu Jumanne ile aliyosema."

"Na weye uliliona?"

"Nililiona. Jumamosi lilikuwa chini ya mukono wangu, nikasema hakuna."

Bibi hakupandisha sauti. "Basi unisomee," alisema. "Njo yangu."

Onema aliishika karatasi kwa mikono miwili. Mwanahamisi aliinamisha kichwa, akageuza sikio upande wake, vile vile ambavyo huenda alikuwa akiketi chini ya dirisha la Tunda.

"Mama Mwanahamisi, Tunda," alisoma Onema. "Munganga wa macho amefika Kindu. Njoo na treni ya Jumatano. Hadidja."

Alisoma polepole, na hata hivyo yalikwisha kabla mtu hajavuta pumzi ya pili. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya mkubwa wake, mbele ya Valère, na hakuwa na pa kuyaficha.

"Njo hayo tu?" aliuliza bibi.

"Njo hayo, mama."

"Reçu, Kindu," alisema Mwanahamisi, kama mtu wa Tunda anavyojibu akishapokea ujumbe.

Kisha akamwacha. Aligeuka, akapapasa hewani mpaka akaupata uso wa binti yake, akaushika kwa viganja vyote viwili.

"Unisamehe, mwanangu. Nilimusadiki yeye."

Wakashuka baraza ngazi kwa ngazi, Hadidja akimhesabia mama yake kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemdai Onema samahani, wala aliyemtukana, na aibu ilimjaa mpaka masikioni. Saa moja ilikuwa imefika. Vituo kumi na viwili vilikuwa vinangoja kuitwa, na Citoyen Lukali alimwambia mara mbili aanze, lakini Onema hakupata sauti ya kuanzia.